Erica Anywe Kwanza

Mwaka mzima nilimwita Mama Erica bila kumtia Erica machoni. Nilidhani binti yuko kwa bibi yake kijijini, maana kila Jumamosi nguo zake zilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya uani: gauni dogo la rangi ya maziwa na sweta la kijani lenye vifungo viwili. Zilianuliwa jioni, zikakunjwa, wiki iliyofuata zikafuliwa tena. Mimi ni mpangaji, na mpangaji mwenye akili haulizi mambo ya mwenye nyumba.

Aliyenifumbua macho ni Luka, fundi wa kuchomelea mageti, jirani yetu pale Kizota, Dodoma.

"Erica?" alisema, akavua miwani yake ya kazi. "Mama Octavian, Erica alizikwa Zuzu tangu enzi zile za kuhamishiwa vijijini. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana, nilibeba mawe ya kaburi."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakuta gauni liko kambani, linapepea. Nilipita kwa mbali, nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Sioni aibu kusema kwamba niliogopa.

Jina lake hasa ni Anyesi. Kazaliwa Zuzu, Mgogo wa kuzaliwa na kukulia, kaolewa na Mazengo aliyekuwa kibarua wa kukarabati njia ya reli. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu. Mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu miezi yote, ila upepo wa kipupwe ukianza kupiga na watu wakianza kupura uwele, kifua chake kilikuwa kinafunga. Alianza na chafya, macho yakavimba, kisha pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Walimpeleka zahanati, wakampeleka kwa mganga, wakamwombea kanisani. Mvua za kwanza zikinyesha anapona, anacheza, na wazazi wanasahau mpaka upepo urudi. Mwaka ule wa mwisho wenzake Mazengo waliwapakia kwenye kiberenge cha reli wawawahishe hospitali ya mjini. Erica alikufa njiani, amekaa wima mapajani mwa mama yake, kwa sababu kulala alikuwa hawezi. Alikuwa na miaka minane.

Mazengo naye alikufa baadaye, na Anyesi akahamia Kizota, akajenga nyumba ya vyumba vitatu kwa tofali za udongo alizofyatua mwenyewe. Biashara zilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kumiminika, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupanga nguo chini pale sokoni Sabasaba. Aliuza masweta na makoti. Watu wa pwani hucheka wakisikia Dodoma kuna baridi, waje Juni wasimame nje alfajiri halafu tuzungumze. Wazee walikuwa bado wanaziita nguo hizo kafa Ulaya, wakiamini ni za marehemu wa Kizungu, lakini baridi haina imani. Walinunua na kuvaa.

Ugonjwa ulimwanza siku alipofungua robota lake la kwanza. Alikata nyaya, akainama juu ya yale makoti, akavuta pumzi moja, akapiga chafya mpaka kilemba kikadondoka. Macho yakavimba, mikono ikatoka mapele, jioni kifua kikaanza kuimba. Wanawake wa sokoni walikimbilia jibu jepesi: hao ni wenye nguo, wanadai makoti yao. Mmoja akamletea mafuta ya upako. Yeye alikuwa anatabasamu tu, macho yamebaki vijistari.

"Si wenye nguo," aliniambia mimi nilipokuja kumzoea. "Ni wa Erica. Ugonjwa wa mwanangu umenihamia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepata urithi. Mimi nilikasirika, maana ndivyo nilivyo, jambo likinitisha nakasirika kwanza.

Nilikuwa nimefika Dodoma kama karani wa ofisi moja ya serikali, mtumishi kutoka Bukoba mwenye viatu vya kisigino. Kisha kukaja kule kupunguza watu kazini. Walituita ukumbini, wakatunywesha chai, wakatushukuru. Viatu vya kisigino viliishia sokoni kwa Mama Erica, na mimi mwenyewe nikafuata, nikawa nakunjua masweta pembeni yake. Hakuniuliza kwa nini. Alinisogezea kigoda akasema, "Kaa, Mama Octavian, jua litakuchoma." Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilijipa mamlaka juu ya maisha ya mwanamke yule, jibu langu ni kigoda kile.

Nyumba yake haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia chini ya mabati, na kila sauti ilivuka. Mchana wa Jumapili, tukishatoka ibadani kila mtu kanisani kwake, tulikuwa tunajilaza, mimi kwangu na yeye kwake. Msimu wa upepo ndipo nilipoanza kusikia. Kulikuwa na pumzi nzito, ya mtu mzima, inayovutwa kwa taabu. Na katikati yake, pale pumzi nzito inapopumzika, kulikuwa na nyingine, ndogo, nyembamba, ya haraka haraka. Nilijiambia kwamba kifua chenye pumu hutoa sauti nyingi. Nilijiambia hivyo nimeketi kitandani, nimekumbatia mto.

Mwaka tisini na sita robota lilimwangusha kweli. Alianguka juu ya makoti, midomo ya bluu, tukambeba kwa mkokoteni wa mbao mpaka hospitali. Walimchoma sindano, wakamwekea hewa, akarudi. Muuguzi mmoja mzee alinivuta pembeni akaniambia bila kuzunguka, "Dada, huyu akija tena hivi sijui kama tutamrudisha. Aache vumbi, au atumie dawa kabla ya vumbi." Wakampa kichupa cha kuvutia dawa mdomoni kifua kikibana. Alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka ndani ya kopo la chumvi, asikiguse.

Kuacha mitumba alikataa kabisa. Basi nikamtafutia hiyo dawa ya kabla.

Miaka ile zahanati za Wachina zilikuwa zinachipuka kila mji, na ya kwetu ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, mlango wa bluu, droo za mbao kuanzia sakafuni hadi juu. Daktari alikuwa mzee mwembamba wa kandambili. Jina lake lilitushinda, tukamwita Mchina, naye akaitika. Mkalimani alikuwa Masudi, mtu wa Mbeya, aliyejifunza Kichina ujanani akipiga nyundo na Wachina kwenye reli ya Uhuru. Niliwahi kwenda peke yangu kuulizia, Masudi akanieleza vizuri.

"Mchina anasema mwili wa mama huyo una mlinzi mwoga," alisema. "Vumbi likipita tu, anapiga filimbi, anafunga milango yote, mpaka mwenye nyumba anakosa hewa. Sasa hii dawa inamtuliza mlinzi. Lakini hainywewi siku ya ugonjwa. Siku ya ugonjwa nendeni hospitali. Hii inanywewa sasa, wakati mtu yu mzima, upepo haujaja."

Alinionyesha mizizi iliyokatwa vipande kama mihogo mikavu. Mmoja, alisema, kwa Kichina jina lake maana yake ni kuzuia upepo. Nilicheka. Mzizi wa kuzuia upepo, uje Dodoma! Ukiuweza upepo wa hapa, nilimwambia, hata serikali itahamia kweli. Lakini moyoni nilipenda.

Kumshawishi Mama Erica kulichukua muda. Kwao, na kwetu pia tuseme ukweli, mtu asiyeumwa hanywi dawa. Kunywa dawa huumwi ni kuuita ugonjwa kwa jina. Nilimwambia kinga ni bora kuliko tiba, akasema hayo ni maneno ya mabango. Mwishowe alikubali kwenda, tena peke yake. "Mwili wangu nitausema mwenyewe," alisema. Alirudi na vifurushi vya karatasi, akanunua chungu kipya, maana sufuria ilikatazwa, akaanza kuchemsha.

Harufu ile! Ilikuwa ya udongo uliopata mvua na kitu kingine kichungu nisichokijua. Ilikaa kwenye mapazia, kwenye nywele, kwenye ugali. Kila alfajiri alikuwa anachemsha, anachuja, anamimina. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe nikashukuru Mungu na Mchina kwa pamoja.

Kipupwe kikaja. Na kifua chake kikafunga kama kawaida.

Hakikufunga kidogo. Kilifunga vibaya kuliko mwaka uliopita, kabla hata robota halijafika. Alikuwa anatembea ameshika ukuta. Lakini uso wake, hapo ndipo nilipochanganyikiwa, uso wake ulikuwa na raha. Alikuwa akiniambia, "Dawa ya Mchina ni nzuri sana, Mama Octavian. Inasaidia." Ananiambia hivyo huku mabega yanapanda na kushuka kwa kutafuta hewa.

Na mchana wa Jumapili, juu ya ukuta, nilisikiliza. Pumzi nzito ilikuwa imezidi uzito. Ile ndogo ilikuwa imetulia. Ilikuwa inaingia na kutoka taratibu, kama ya mtoto aliyeshiba akalala.

Jumamosi iliyofuata nilivaa kanga nikaenda kwenye mlango wa bluu nikiwa nimepandwa na hasira. Nilimwita Mchina tapeli mbele ya wagonjwa wake. Nilisema wametuuzia kuni kwa bei ya dawa. Mzee yule alinitazama kwa upole, hakuelewa hata neno moja. Masudi alinikalisha.

"Mama, subiri. Tuulize kwanza, yule binti anaendeleaje?"

"Binti gani?"

"Binti yake. Mchina alimuuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye kifua cha namna hii, maana hutembea kwenye damu, mama na mtoto. Akasema yupo, binti yake, ana miaka minane, na kwake ni kali zaidi. Dawa ya wawili haikuwepo, mzigo ulikuwa bado Dar. Mchina akasema basi mtoto ndiye wa haraka. Mtoto anywe kwanza amalize, mama atafuata mzigo ukifika." Masudi aliniangalia. "Vipi, mama? Mtoto hakunywa?"

Niliomba maji. Nilikunywa, nikaondoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sikwenda misa. Nilimkuta uani anamimina dawa kwenye chupa ya chai, moto unafuka, na sweta la kijani amelitupia begani.

"Dawa hiyo unampelekea nani?"

"Erica."

"Erica amekufa, Mama Erica."

"Najua. Mimi ndiye niliyempakata." Alikaza kifuniko. Alisema maneno machache machache, kwa sababu ya pumzi. "Kafa kwa kifua. Kafa hajapata dawa. Sasa dawa imepatikana, mimi ninywe, yeye aangalie? Wewe Octavian akiwa na njaa, unakula?"

"Octavian yuko hai!"

"Ndiyo. Una bahati."

Akaongeza, kwa upole kama anayenibembeleza mimi, "Anapumua vizuri siku hizi. Husikii? Nyumba haina dari. Nilijua unasikia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi ni mzazi, nikajua. Lakini nilijua pia kwamba mwenye nyumba wangu anajiua kikombe kwa kikombe. Nikaingia ndani nikafukua kopo la chumvi, nikatoa kile kichupa cha hospitali nikakichomeka kifuani. Nikamwambia, "Twende wote."

Tulifuata reli kuelekea Zuzu. Njia anayoimaliza mtu mzima kwa asubuhi moja, sisi tuliimaliza jua likiwa limeshapinduka. Kila baada ya hatua chache alisimama, akashika magoti. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, unatusukuma mgongoni, umebeba makapi ya uwele na vumbi jekundu. Sikuwa naongea. Nilikuwa nasikiliza, na ninaandika nilichosikia, anayetaka kucheka acheke: tulikuwa wawili njiani, na pumzi zilikuwa tatu.

Kaburi liko nje kidogo ya mashamba, limezungushiwa ua wa minyaa. Ni dogo. Mawe aliyobeba Luka yamezama nusu. Kichwani mwa kaburi palikuwa na kishimo, na udongo wa kishimo kile ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka ile harufu ya nyumba yetu. Wiki zote zile za kiangazi, katika nchi ambayo hata mate hukauka kabla ya kufika chini, kaburi lile lilikuwa limelowa.

"Mbukwa, Erica," alisalimia kwa Kigogo, akapiga magoti. Alimimina kikombe cha bati, akakipuliza kipoe kama mtu anavyompoozea mtoto uji, akamwaga taratibu kwenye kishimo. Kisha cha pili.

Hapo upepo ulizunguka ukaingia ndani ya ua, ukainua vumbi lote. Akalivuta. Nikaona mishipa ya shingo inasimama na mdomo unafunguka bila kitu kuingia. Alidondoka ubavu. Nilimkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikatoa kichupa.

"Vuta!"

Alikaza meno, akatikisa kichwa. Kwa mkono alionyesha chupa ya chai, kisha kaburi. "Hajamaliza," alisema, na hilo neno moja lilimgharimu hewa yote iliyokuwa imebaki.

Midomo yake ikawa bluu. Nilimwomba, nikamtukana, nikamwita Anyesi, kwa jina lake la utotoni. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayengoja mwenzake amalize kula ndipo aondoe sahani. Nikaona kwamba hatanisikia mimi. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumruhusu.

Mimi siamini mambo ya makaburi. Na kwa desturi ya watu wengi ninaowajua, mkubwa hamwombi mdogo. Lakini sikuomba. Niliamrisha, kama ninavyomwamrisha Octavian.

"Erica!" nilipaza sauti. "Mimi ni Mama Octavian, ninakaa kwa mama yako."

Nikanyamaza kidogo, na Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri shikamoo.

"Umekunywa vya kutosha. Umepona sasa. Mama yako naye anaumwa na dawa unaimaliza wewe. Mwachie. Toka hapo kwake, nenda ukapumzike na wenzako."

Upepo haukukoma, msiniwekee muujiza. Vumbi liliendelea kupiga minyaa na minyaa ikaendelea kuvuma. Ila katika mvumo ule kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekisikia tangu Kizota, na kabla ya hapo tangu mwaka uliopita juu ya ukuta, na sasa hakikuwepo. Mama Erica alikisikia kikikoma kabla yangu. Nilihisi mwili wake wote mikononi mwangu ukishtuka. Akafungua mdomo, nadhani kumwita, na mimi nikatumia nafasi hiyo hiyo kumtia kichupa mdomoni nikabonyeza.

Hewa ikaingia. Akakohoa, ikaingia tena. Alilia njia yote ya kurudi, na kila alipolia nilifurahi kwa sababu mtu asiye na pumzi hawezi kulia namna ile.

Mzigo wa Mchina ulifika na dawa akainywa yeye mwenyewe, mwaka huo na uliofuata, miezi ya kabla ya upepo, nami nikiwa nimesimama mlangoni mpaka kikombe kiishe. Kichupa cha hospitali kinakaa mfukoni mwake. Ni kipi kilichomsaidia, mizizi au kichupa, au kile kitambaa nilichomlazimisha kujifunga puani, waulizeni wenye elimu. Ninachojua ni kwamba juzi limekuja robota la makoti, kubwa, na amelikata nyaya yeye mwenyewe. Wateja walirudi nyuma kwa mazoea. Aliinama, akazamisha uso wote kwenye makoti yale, akavuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine. Akakaa hivyo, ameinama, anavuta na kuvuta, mpaka watu wakaanza kutazamana.

Hakupiga chafya hata moja. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nikachuchumaa karibu yake.

"Kifua vipi?"

"Kizima," alisema.

"Tumshukuru Mungu."

Aliinua uso. Macho yalikuwa maangavu, hayajavimba popote, na hayakuwa na chuki. Afadhali yangekuwa nayo.

"Erica alikuwa mtoto msikivu sana," aliniambia. "Mtu mzima akimwambia toka, anatoka. Hajui kurudi mpaka aitwe na huyo huyo aliyemtoa."

Kisha akaendelea kuchambua makoti, akitenga ya wanaume na ya wanawake, akinisubiri.